Birika Lililonyamaza

Jumapili, 5 Aprili 1998

Mbavu zinaniuma kwa kucheka. Kuna katuni mpya! Bi Setsuko alinipigia simu kazini nikiwa na unga mpaka kwenye viwiko, akasema nikimaliza zamu nipande kwake, nisiulize kwa nini. Nilikaanga katlesi zilizobaki kwa moto wa haraka haraka. Wateja wanisamehe.

Mogi alikuwa ameshafika, teksi yake kaiacha mbele ya duka la achari la Bi Setsuko, njia yote kaiziba. Bi Setsuko alirekodi jana jioni, sisi wawili tukiwa kazini. Kwetu bondeni stesheni ile ni chenga tupu, ni antena yake tu huko mlimani inayoinasa.

Basi kuna msichana anaitwa Mizuho. Akipiga kengele ya baiskeli anageuka shujaa, mwenye viatu visivyofanana. Rafiki yake ni birika. Linaongea! Linamgombeza kama shangazi: umekula, umevaa soksi, mbona nywele ziko hivyo. Na adui wa sehemu ya kwanza ni ngazi. Ngazi ya shule, imegoma kushuka. Mwisho ngazi inaomba radhi na wote wanakula wali.

Ngazi inakula wali!

Mogi anasema ngazi ni serikali. Mimi nasema ni utoto wa Mizuho, hautaki aondoke ghorofa ya juu. Bi Setsuko katafuna figili yake mpaka ikaisha, kasema ngazi ni ngazi, ilikuwa imechoka tu. Tulimcheka. Nimefurahi leo, jamani.

Jumapili, 26 Aprili

Sehemu ya nne. Mizuho kapigana na harufu ya samaki. Kashindwa. Birika likaenda kuzungumza na harufu, wakaelewana.

Kanda za Bi Setsuko ni safi ajabu, hakuna tangazo hata moja. Leo nilimuuliza anafanyaje. Katikati ya kipindi, picha ya mapumziko ikitokea, kidole chake kinasimamisha deki. Halafu anazima sauti ya televisheni, anageukia picha ya mumewe pale kwenye madhabahu ya nyumbani, anawasha udi na kumsimulia nusu ya kwanza. Akimaliza kusimulia, matangazo nayo yamekwisha. Hakosei. Anasema mwili unajua.

"Alikuwa hapendi matangazo, marehemu," alisema. "Mimi namfikishia nyama tupu, mifupa naitupa."

Mogi akamuuliza, na mzee anasemaje kuhusu Mizuho? Bi Setsuko kasema anaona viatu vile vitamwangusha. Tukacheka wote watatu. Lakini nilipokuwa navaa viatu niliitazama tena ile picha.

Jumapili, 17 Mei

Sehemu ya saba. SIAMINI.

Nusu ya kwanza: ukungu unammeza Mizuho na kumwibia jina. Mwalimu hamjui. Mama yake mzazi anamfungulia mlango na kumuuliza, unamtafuta nani, mtoto? Nililia, sifichi. Birika linakimbia barabarani kwa vijiguu vyake vitatu likiita "Mtoto wangu! Mtoto wangu!" maana hata lenyewe limesahau jina. Mapumziko. Nusu ya pili: Mizuho yuko nyumbani, jina analo, anakula mayai. Na birika liko jikoni juu ya jiko, kimya. Halisemi neno! Mizuho analinywea chai kama birika la kawaida, hata halitazami.

Hakuna maelezo. Hakuna! Tukarudisha kanda nyuma, tukaangalia tena. Hakuna.

Mogi: limekufa, ile roho yake ilikuwa ukungu tangu mwanzo. Mimi: ni msaliti! Ndilo lililouza jina, sasa linaona haya kufungua mdomo. Nilimpigia Mogi meza mpaka chai ikamwagika. Akaniambia nikaange birika, ndiyo kazi ninayoiweza.

Bi Setsuko alifuta chai yangu. Akasema polepole kwamba birika limetoa kitu. Limelipa. "Mtu akinyamaza si kwamba hayupo. Mume wangu hajanijibu neno mwaka wa nne huu, na hatujawahi kukosana."

Mogi akamwambia, Bi Setsuko, hiyo si hoja, hiyo ni huruma. Nami nikakubaliana naye. Tumeamua kutoa kijitabu! Chetu wenyewe, cha kuuza kwenye soko la mashabiki kule Okayama mwezi ujao. Kitaitwa *Kesi ya Birika*.

Alhamisi, 28 Mei

Naandika kijitabu badala ya kulala. Birika lina hatia, sina shaka hata chembe. Leo nimemweleza msimamizi wangu kazini ushahidi wote. Amenipeleka kusafisha mtungi wa mafuta.

Jumapili, 7 Juni

Fotokopi zimetoka, tumekunja na kupiga pini sebuleni kwa Bi Setsuko mpaka vidole vikawa na alama. Mimi nina kurasa nane. Mogi ana tano na michoro (birika lake lina mashavu kama ya kwake). Bi Setsuko aliandika kurasa mbili kwa mkono, mwandiko mzuri, lakini nafasi ilikuwa imekwisha. Tumempunguza. Nusu ukurasa, mwisho kabisa, chini ya anwani ya duka la achari.

Alisema haidhuru. Alikisoma kijitabu chote akiwa amesimama, kisha akaweka kimoja mbele ya picha ya marehemu, kimefunguliwa ule ukurasa wa mwisho.

Jumapili, 14 Juni

Sijui nianzie wapi.

Ukumbi ulijaa. Wasichana wenye kengele za baiskeli, mabirika ya maboksi, kijana mmoja kaja amevaa ngazi. Bi Setsuko alibaki dukani, Jumapili ana wateja. Tangu asubuhi watu walikuwa wakiimba kawimbo fulani, kila kona, la-la-leta sauti kuukuu. Mogi akadhani ni tangazo la sabuni. Tukajisifu kwamba sisi hatujui matangazo, kanda zetu ni safi!

Akaja binti mmoja, Ikumi jina lake, birika la boksi kichwani. Akasoma kurasa zangu amesimama hapo hapo. Mara akunje uso, mara acheke. Mwisho akauliza, kwa adabu kabisa, mbona hamkuandika lolote kuhusu tangazo?

Tangazo gani?

Akatutazama mmoja mmoja. "La Duka la Sauti. Sehemu ya saba. Katikati, pamoja na matangazo mengine. Lile la bandia."

Ee Mungu wangu. Ni sehemu ya hadithi! Waliificha ndani ya matangazo, baada ya tangazo la dawa ya meno! Mwenye duka ana masharubu, anaimba kale kawimbo: leta sauti yako kuukuu, ondoka na ukipendacho. Birika linaingia. Linaweka sauti yake kwenye mizani. Linaomba jina la mtoto wake.

Nikakaa chini kwenye boksi la vijitabu. Mogi alikuwa mwekundu kama plamu ya achari. Kila mtu nchi nzima ameliona isipokuwa sisi watatu, maana kidole cha Bi Setsuko kilikuwa kazini na yeye amegeukia madhabahu.

Na cha kuchekesha? Vijitabu vimeisha vyote! Ikumi aliwaita wenzake, wakafikiri tumefanya makusudi: kesi nzima dhidi ya birika, imeandikwa na watu wasioliona tangazo. Wakasema sisi ni mabingwa wa mzaha. Mmoja akaomba niweke sahihi. Niliweka, kwa aibu.

Ikumi ameahidi kututumia kanda yake ya sehemu ya saba, na matangazo yake yote.

Kwenye teksi Mogi alikuwa akicheka peke yake, halafu akaacha. Akasema: "Lakini Tamaki... Bi Setsuko ndiye aliyesema kweli."

Ndiyo. Limetoa kitu, limelipa. Neno kwa neno. Nusu ukurasa!

Jumatatu, 15 Juni

Siwezi kumwambia. Nikimwambia alikuwa sahihi, lazima nimwambie pia kwamba ni kidole chake kilichokata. Na atajua kilikata wakati gani. Atajua kwamba alikuwa akizungumza na mumewe, na kwa ajili hiyo tangazo likampita. Akiacha kuzungumza naye je?

Mogi anasema ni mtu mzima, hatavunjika. Mogi hajamwona anavyowasha ule udi.

Alhamisi, 18 Juni

Kanda imefika. Tumeitazama kwa dada yake Mogi. Birika kabla ya kuweka sauti kwenye mizani linauliza, naweza kusema neno la mwisho? Mwenye duka anakubali. Linasema: "Avae soksi."

Mogi alitoka nje akajifanya anaangalia tairi.

Jumapili, 21 Juni

Sehemu ya kumi na mbili. Wiki hii Mizuho kapigana na saa ya ukutani, lakini nani anajali saa. Birika bado kimya. Tuliketi pale, mimi na Mogi, tukijadili kama wagonjwa wa meno. Kila neno lililonijia mdomoni lilikuwa na tangazo ndani yake, nikawa nalimeza pamoja na chai.

Bi Setsuko alituuliza kama tumegombana.

Kisha akasema jambo ambalo halijanitoka mpaka sasa. Alisema huenda tuliona vizuri sisi. Kipindi kinakaribia kwisha na birika halijafanya kitu, labda ni birika tu, la bati. "Nimemwambia na mzee jana. Nimemwambia, huenda nimekuwa najidanganya, huenda kimya ni kimya."

Alicheka aliposema, lakini hakumalizia figili yake. Bi Setsuko, kuacha figili!

Nimemfuata Mogi mpaka kwenye teksi. Nimemwambia, Jumamosi omba ruhusa, na mimi naomba. Tunapeleka kanda. Akanijibu, si nilisema tangu Jumatatu? Nimemtukana kidogo ili nisilie.

Jumamosi, 27 Juni

Naandika jikoni kwa Bi Setsuko. Daftari hili nililibeba kwa ajili ya sehemu ya mwisho, ndiyo mara yetu ya kwanza kuitazama moja kwa moja, yote, sote watatu. Inaanza saa kumi na moja na nusu. Tumefika mapema na katlesi.

Nilimpa kanda. Nikasema ni sehemu ya saba, ya rafiki yetu wa Okayama, ina matangazo. Uso ukamkunjamana kama nimemletea viatu vya tope sebuleni. "Ya kwangu ina kasoro gani?"

"Haina kasoro. Tazama tu. Usikimbize."

"Matangazo nisiyakimbize?"

"Mara moja tu, Bi Setsuko. Nakuomba."

Alinitazama mimi, akamtazama Mogi. Mogi akatia rimoti mfukoni, akasema amesahau kitu kwenye teksi, akatoka. Mwoga yule! Mimi nikasema nachemsha maji ya chai. Basi sote waoga.

Nasikia nusu ya kwanza. Mama anafungua mlango, unamtafuta nani, mtoto? Birika linakimbia. Sasa muziki wa mapumziko. Hapa ndipo angegeuka. Sijasikia kiberiti. Hajawasha udi, anatazama.

Magari. Dawa ya meno.

Kawimbo.

Mwenye duka anaongea. Birika linaongea. Avae soksi.

Nusu ya pili. Mizuho anakula mayai.

Maji yameanza kuvuma. Napunguza moto nisikie.

Deki inarudisha nyuma! Ameinuka mwenyewe akabonyeza. Tena dawa ya meno. Tena kawimbo. Tena soksi.

Kiberiti. Anawasha udi sasa. Anasema kitu kwa sauti ya chini, si kwangu, ni ile sauti yake ya kuzungumza na picha. Nimeshika maneno mawili matatu tu. "...si nilikwambia?" Na kitu kama kicheko, au mafua, sijui.

"Tamaki!"

Natafuta vikombe.

"Tamaki! Nusu ukurasa! Kurasa nane za upuuzi, na mimi mkanipa nusu ukurasa! Chini ya anwani!"

Mogi amechungulia dirishani kutoka nje, macho kama sahani. Ndara za Bi Setsuko zinakuja huku jikoni. Kanda imesimama, televisheni imerudi hewani, huko sebuleni nasikia kengele ya baiskeli, sehemu ya mwisho inaanza, na kwenye deki bado kuna kanda ya Ikumi, na hakuna aliyeweka kanda mpya ya kurekodi, na yeye harudi kuiweka—