Kilo Ishirini na Mbili

Tarehe 3 Machi

Mwanangu,

Kosa la watu wengi ni kusoma neno "kilo" wakaishia hapo. Nimeanza na hilo kabla ya salamu, unisamehe. Barua yako imenichefua. Hujambo? Mimi goti linaendelea vizuri.

Eti msimamizi wenu, huyo mnayemwita Bwana Haraka, amezitupa kulabu zenu za kuunganisha mkanda na kamba kwenye gunia la vyuma chakavu kwa kuwa zimeandikwa "22 kN", na yeye anasema kilo ishirini na mbili hazibebi hata mbuzi! Amewaletea mpya za "150 kg", mning'inie nazo mkiosha madirisha ya ghorofa ya tisa. Miaka thelathini nimefundisha fizikia, sijasahihisha jibu la hatari namna hii. Hiyo kN ni kilonyutoni, yaani nyutoni elfu moja. Nyutoni ni kipimo cha nguvu. Kilo moja ikining'inia kimya huvuta kama nyutoni kumi. Basi kulabu za zamani zinahimili mvuto wa kama kilo elfu mbili na mia mbili. Amewanyang'anya chuma, amewapa pini.

Mwambie.

Shangazi yako

Tarehe 9 Machi

Shangazi, shikamoo. Huku sote wazima.

Nimemwambia. Akacheka mbele ya wote: "Shangazi yako yeye ananing'inia wapi, kwenye kamba ya kuanikia nguo?" Akasema asiyetaka kulabu mpya aache mkanda mlangoni, wanaotaka kazi ni wengi.

Lakini nami nikuulize. Nina kilo hamsini na nane. Mia na hamsini si zinanitosha na kubaki?

Mwanao

Tarehe 12 Machi

Marahaba, mwanangu.

Zinakutosha ukitulia kama koti kwenye msumari. Wewe unaosha madirisha, na mguu huteleza. Leo nimetundika kopo la mchanga la kilo mbili kwenye mzani wangu wa springi. Mshale ukasoma mbili. Nikaliinua kidogo, nikaliachia: mshale ukagonga kumi, mwisho wa mzani! Kopo halikunenepa; kusimamishwa ghafla ndiko kulikovuta. Nawe ukianguka hata hatua moja kabla kamba haijakaza, unaweza kuvuta kilonyutoni sita. Kulabu zake hazifiki hata mbili. Mtu mzima anawapima watu kama viazi!

Usipande.

Shangazi yako

Tarehe 30 Machi

Shangazi, shikamoo. Goti je? Nisamehe kwa kimya. Nilikataa kupanda, nikasimamishwa wiki mbili.

Jana nilirudi na gunia la mchanga, kilo hamsini na nane kamili. Tukalitundika kwenye boriti ya stoo kwa kamba na kulabu mpya. Likatulia. Bwana Haraka akapiga makofi: "Haya, mwanafizikia, sema tena!" Nikaliinua na wenzangu hadi kiunoni, tukaliachia. Kulabu ikanyooka kama pini ya nywele, mchanga ukamwagika viatuni mwake.

"Mchanga huo umelowa," akasema. Hakuna aliyecheka.

Tukatoa ya zamani kwenye chakavu, tukajaza gunia tena, tukaliachia vilevile. Ikashika. Alivyofurahi ungedhani kaifua yeye! Akaamuru gunia liachiwe kutoka juu zaidi, mara kumi. Ikashika zote. Sasa za zamani zote zimerudi kazini, na ile shujaa amenikabidhi mimi, kwa heshima, nipande nayo Jumatatu. Kilango chake, kile kipande kinachofunga mdomo wa kulabu, kinakwaruza kidogo kikifungwa, basi.

Mwanao

Tarehe 1 Aprili

Marahaba, mwanangu. Goti liache.

Barua hii nimempa dereva wa basi aifikishe mkononi mwako. Nilisoma yako nikitabasamu mpaka neno "kinakwaruza". Heshima gani hiyo? Kwanza hakusoma herufi, sasa hasikii chuma kikilalamika! Nambari ile iliandikwa kwa kulabu nzima, siyo iliyopigwa vishindo kumi na kimoja. Ilikushindia hoja, kazi yake imekwisha. Usiitundike ukutani, usiirudishe stoo ambako mwenzako ataiokota.

Chukua msumeno wa chuma, uikate vipande viwili leo.

Shangazi yako