Mkono wa Baba Neema Kule Avignon

Brooklyn Park, Minnesota
Novemba

Dada Salome,

Shikamoo. Hujambo wewe na shemeji na watoto? Mguu wa mama umepungua uvimbe? Sisi tunapumua, namshukuru Mungu, ila baridi imeshaingia, na jua linazama mapema mpaka unajiuliza kama lilichomoza kweli.

Barua yako nimeipata na masimango yake yote. Habari za fundi na nyumba yetu mnayotutunzia nitazijibu mwisho. Kwanza hili: eti tumepata likizo tukaona bora tukatembee Ufaransa kuliko kuja Morogoro kumwona mama! Eti na ile picha tumeshikana mikono, tumeshakuwa Wazungu! Nilicheka, Dada, halafu nikajifungia bafuni nikalia. Sasa kaa chini nikueleze, na ukimaliza usimsomee mama.

Wazo lilikuwa la Baba Neema mwenyewe. Unajua kazi yake, kuendesha gari la kuwapeleka wazee hospitali. Akirudi anakula, analala. Mimi nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Miaka yote tulikuwa tunakutana mlangoni, huyu anavua koti, huyu analivaa lake. Siku moja akaniambia, "Mama Neema, twende Avignon." Nikamuuliza ndiyo nini hiyo. Akanionyesha picha kwenye kalenda ya jikoni: mji wa mawe kusini mwa Ufaransa, na daraja lililokatikia katikati ya mto.

Tukaenda. Raha niliipata, Dada, nisikufiche. Hakuna gari, hakuna zamu. Asubuhi tunakunywa kahawa nje, tunauzunguka ukuta wa mji taratibu, tunaingia sokoni kunusa jibini na kutoka bila kununua kitu. Na popote tulipokwenda Baba Neema alinishika mkono. Baba Neema huyu huyu, ambaye hata siku ya harusi alitoka kanisani akaniacha nyuma nahangaika na gauni! Nikamtania, "Vipi leo, mzee?" Akasema, "Kwani nani anatujua huku?" Kichwa kikanivimba. Ndipo nikamwomba mpita njia atupige ile picha, nije niwaringie.

Jioni moja tulikuwa mbele ya jumba la kale walimoishi mapapa wa Kikatoliki zamani, kigiza kimeanza. Nikauachia mkono wake niiname kufunga kiatu. Akatangulia, mara puu! Kaanguka kwenye ngazi pana, zenye taa, ambazo kila mtu alikuwa anazishuka bila wasiwasi. Nikamkimbilia. Goti linatoka damu, naye anapapasa chini kutafuta miwani, na miwani iko hapo hapo pembeni yake.

"Hukuziona ngazi?"

"Sikuziona."

"Tangu lini huoni?"

Akasema, "Daktari aliniambia kabla ya kiangazi. Presha ya macho. Imeshakula pembeni, sasa inakuja katikati. Hayo matone ninayotia yanachelewesha tu. Kilichokwenda hakirudi."

Dada, nilikasirika vibaya. Huruma sikuwa nayo hata chembe saa ile. Nikamwambia, "Na wale wazee unaowabeba? Ungewaua! Na mimi mjinga nadhani nimependwa uzeeni, kumbe nimegeuzwa fimbo ya kutembelea!" Watu wakageuka kututazama.

Kesho yake tulikwenda kuketi kwenye lile daraja, upepo unatuchapa. Nikamuuliza hilo hilo unaloniuliza wewe: kwa nini hakutupeleka nyumbani? Akasema, "Nyumbani napajua. Hata nikifumba macho natoka barabarani, naingia mlangoni, nashuka ngazi za uani mpaka jikoni. Nyumbani patanisubiri. Nilitaka kukuona wewe umepumzika. Sijawahi kukuona umepumzika." Nikamshika mkono mimi.

Tuliporudi alikwenda mwenyewe kazini kurudisha funguo za gari. Tangu hapo anashinda dirishani. Huku bila gari huendi popote, hata maziwa ni kuyaendea kwa gari. Na mkono hautaki tena! Jumapili, pale tunapoegesha magari kanisani, nilimpa mkono akaukwepa, maana wenzetu wa nyumbani walikuwa wanatuona. Akateleza kwenye barafu mbele yao wote. Sasa kanisani hataki kwenda. Naogopa, Dada. Naondoka kwenda kazini namwacha na giza lake, na moyo unabaki nyumbani. Jambo moja tu ndilo linalomfungua mdomo: kurudi Morogoro moja kwa moja, mwakani, kabla hajafika mwisho wa kuona.

Mpe mama salamu zangu, mwambie tu tunakuja. Msalimie shemeji, na Upendo mwanao mkubwa. Mama mkwe wangu ukikutana naye usimwambie kitu. Habari ya mwanawe nitampa kwa mdomo wangu mwenyewe.

Halafu huyo fundi. Umeandika kwamba mvua zikikatika anaanza kuvunja ngazi za uani na kuhamisha mlango wa jikoni, tukija tukute nyumba ya kisasa. Mzuie, Dada, tafadhali. Najua zimepinda, na mimi ndiye niliyezilalamikia kuliko wote. Ziacheni hivyo hivyo zilivyopinda.

Mdogo wako anayekukumbuka sana,
Eliza