Tuko Karibu na Jua, Mbona Baridi?

Suji, Jumatano usiku

Na bado swali la yule mtoto linanikera. Leo nimewafundisha darasa la tano mfumo wa Jua. Nikasema, tena kwa kujiamini, kwamba sayari ikiwa karibu na Jua inakuwa na joto zaidi. Neema akanyoosha mkono.

"Mwalimu, sisi tuko juu mlimani, kwa hiyo tuko karibu na Jua kuliko watu wa Same, kule chini bondeni. Mbona wao wanatoka jasho, sisi tunavaa sweta?"

Darasa likacheka, kisha wote wakanikodolea macho. Nikasema, "Kaa chini. Hilo halimo kwenye mtihani."

Kesho mkuu wa shule atakaa nyuma ya darasa kunipima, na mimi bado ni mwalimu wa kujitolea. Neema akiuliza tena mbele yake?

Nimesoma mpaka macho yanawasha. Kumbe mlima wetu si kitu ukilinganisha na umbali wa Jua. Hewa ndiyo inayoshika joto, kama blanketi. Kule Same blanketi ni zito, huku kwetu jepesi. Hata sayari ya Zuhura ina joto kuliko sayari ya Zebaki, ingawa iko mbali zaidi na Jua, kwa sababu ya hewa yake nzito. Maana yake nilichofundisha leo...

Basi, jibu ninalo. Nilidhani nitapumua.

Lakini baada ya lile "kaa chini", Neema hakunyoosha mkono tena, hata kwenye hesabu anayoipenda. Jioni nilikuwa naogopa kwamba kesho atauliza. Sasa naogopa hatauliza.