Mashini Iliyomwambia Dokta Apunguze Mwendo

Baba yangu, mtu wa reli,

Nimerudi Kamina kutoka Lubumbashi na bado nasikia kinyaa. Acha nikuambie wewe, maana hapa nyumbani wanataka nishukuru tu.

Unakumbuka tulivyopanda treni, mimi na wewe, ukapimwe utumbo kwa ule mpira wenye kamera? Walikupa dawa ya kuharisha ili utumbo usafike, wakakukataza kula. Jioni dada yako akafika kutoka Mulongo na bukari, ugali wake mzito, na samaki wakavu. Nikakusihi usile. Ukanikaripia: "Dada yangu ametoka mbali hivi, nimurudishie sahani yake? Mutoto weye!" Ukala, ukalamba na vidole.

Asubuhi dokta akaingiza mpira huku simu iko sikioni. Kwenye kioo cha kamera, uchafu mtupu. Badala ya kusema turudi siku nyingine, akauchomoa mbiombio, akicheka na mtu wake wa simu. "Tumbo iko safi," akatuambia. "Hakuna kitu." Tukafurahi, wajinga sisi! Uvimbe ulikuwa humohumo, ukakumaliza. Kwenye matanga watu wakamsema dada yako na bukari yake. Dokta hakuna aliyemtaja.

Sasa na mimi nimeanza kutoka damu. Chumba kilekile, Baba, dokta yuleyule, amenenepa. Ila wamemwekea mashini yenye akili bandia ya kupima kazi yake: utumbo umesafika au la, mpira unatoka kwa haraka au taratibu, wapi hajaangalia. Nilikuwa macho, naona yote. Akaanza kuvuta mbio, simu tena sikioni. Kioo kikawa chekundu, kikalia.

"Hii mashini inanichokesha!"

Nesi akamjibu, "Dokta, bakubwa ba hospitali banaona hii yote."

Weee, akabadilika! Akazima simu. Akarudi nyuma, akapitisha maji, akageuza kamera kwenye kila kikunjo, kwa upole kama anaogesha mtoto mchanga. Akaona kinyama kimeota, bado kidogo, akakikata. "Umepona, mama," akaniambia, akanyoosha mkono.

Sikuushika. Aka! Nilitaka kumtemea mate. Nimepona kweli, na bado nataka.

Watu wanasema mashini imemfundisha. Haikumfundisha kitu, Baba. Mikono ile ilijua kazi tangu zamani. Siku yako ya kupimwa nilisimama palepale namtazama mimi tu, na mimi sikuwa mtu wa kumwogopesha.

Pumzika, Baba.

Mimi binti yako, mzima