Kidole cha Pete cha Winifrida

Jumatano, 9 Oktoba 2024

Kazi nimepewa mimi. Dada Winifrida ametangaza mwenyewe jikoni: saluni haendi, kucha zake za harusi nitazichora mimi, hapahapa nyumbani. Harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mama akauliza, huyu Edina? Ndiyo, huyuhuyu.

Nilivyo navyo: rangi saba, moja imeganda. Vijiti vya meno. Pini yenye kichwa cha duara. Kipande cha sponji nilichokata kwenye godoro, upande wa ukutani — hakuna atakayejua.

Sitaki vile vimaua vya kwenye simu ambavyo havijawahi kuota Mbinga. Nataka vya kwetu. Kahawa ya nyuma ya nyumba imechanua maua tangu mvua ile ya siku moja, meupe matupu. Na ngoro — yale mashimo ya mraba mraba tunayolimia mlimani. Ukiyaangalia kwa mbali, ni kucha tupu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nilihitaji kucha kubwa ya kujaribia ngoro. Zangu ndogo. Baba alikuwa amelala mkekani baada ya chakula cha mchana, miguu nje. Kidole gumba cha Baba ni shamba zima.

Nikachora miraba tisa, kijani na kahawia. Hakuamka. Nikaenda kutafuta asetoni ya kufutia. Niliporudi, mkeka mtupu — ameshaondoka kwenda mkutano wa wakulima. Kwa ndala.

Amerudi jioni. Akala ugali mpaka akamaliza. Halafu akasema katibu ameuliza ngoro hizo kalima nani, mbona zimenyooka kuliko zake. Mama alicheka mpaka akatoka nje. Mimi niliosha vyombo bila kuambiwa.

Jumapili, 13 Oktoba

Baada ya kanisa Mama kanivuta nyuma ya jiko. Anaongea taratibu. Nikajua kuna jambo.

Anataka ua la kahawa kwenye kidole cha pete. Ndicho watakachokitazama watu wote, na kwenye picha ndicho kitakachobaki. Bwana harusi, Hamphrey, akikivisha pete akumbuke alikomtoa mke, na anakotakiwa kumrudisha.

Kumrudisha vipi, nikauliza.

"Wataishi hapa. Hamphrey ni mwalimu, aombe uhamisho aje mjini. Winifrida ana kazi yake hospitali, hawezi kuiacha. Unadhani chumba cha nyuma nimekipiga lipu kwa ajili ya kuku?"

Malipo yangu: wiki nzima sioshi vyombo. Nimekubali.

Jumanne, 15 Oktoba

Simu kutoka Liuli, ziwani kwa kina Hamphrey. Mama Hamphrey mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia fundi wa kucha ni wewe."

Anataka samaki. Mbasa, wa rangi ya fedha, kwenye kidole cha pete cha mkono wa kushoto — alivyokitaja nilidhani ananisomea anuani. Bibi harusi anashuka ziwani, lazima aonekane anashuka ziwani. Bustani ya mkwe wake ameshaizungushia uzio. Mihogo imechipua. Atanibebea mbasa wa kukaushwa, wakubwa.

Ningeweza kumwambia kidole hicho ni kimoja tu na kimeshachukuliwa. Sikumwambia. Nampenda sana mbasa.

Alhamisi, 17 Oktoba

Wageni wa ziwani wamefika, wamefikia kwa ndugu zao Mpepai. Mbasa wanne! Mmoja hajakauka vizuri, magamba yanang'aa. Nikabandika gamba la kweli kwenye kucha yangu, nikapaka rangi ya maji juu. Zuri kuliko rangi yoyote. Paka amenifuata kutwa nzima, mpaka chooni. Nimebandua.

Mpango: mkono wa kulia kahawa na ngoro, wa kushoto ziwa. Kidole cha pete nakiacha mwisho kabisa, wakati wazee wote wako kwenye magari. Naona ni mpango mzuri.

Ijumaa, 18 Oktoba

Haukuwa mpango mzuri.

Kucha tisa zimekamilika saa tisa alasiri. Mawimbi nimeyavuta kwa kijiti, buluu juu ya buluu. Maua ya kahawa ni nukta tano za pini na moja ya njano katikati. Winifrida katulia kama anapimwa presha. Mama akaingia. Mbona hiki kitupu? Nikasema kinakauka. Kinakauka nini, na hakina kitu?

Kabla sijajibu, hodi. Mama Hamphrey. Kaushika mkono wa Winifrida, kahesabu vidole.

"Mbasa wangu yuko wapi?"

"Mbasa gani?" Mama akauliza. "Hapo panakaa ua."

Wote wawili wakanigeukia. Nikatikisa kichupa cha rangi ambacho hakikuhitaji kutikiswa.

Wakaanza kwa adabu, dada yangu huku, dada yangu kule. Chumba kina lipu. Mihogo imechipua. Mwanaume hahamii ukweni. Nesi wa mjini hawezi kwenda kulima mihogo. Sauti zikapanda. Baba alikohoa nje, akaondoka.

Winifrida hakupaza sauti.

"Nimeshahama," akasema.

Aliomba uhamisho mwezi wa sita. Barua imejibiwa mwezi uliopita. Zahanati ya kijiji kimoja huko ziwani, anaanza Novemba. Hamphrey anajua. Mama alikuwa aambiwe baada ya harusi, ili asilie kanisani. Mimi sikuwa nimeambiwa kabisa. Tunalala chumba kimoja.

Mama Hamphrey akachangamka. "Kwa hiyo tutakaa wote nyumbani."

"Hapana, mama. Zahanati ina nyumba ya nesi. Tutakaa huko."

Mama akasema anaenda kuangalia wali. Wali haukuwa motoni. Mama Hamphrey akamfuata. Nilipochungulia, walikuwa kwenye benchi moja, wanachambua mchele kwenye ungo mmoja.

Jumamosi, 19 Oktoba

Saa mbili na nusu asubuhi. Misa ni saa nne. Magari yako nje. Naandika huku Winifrida anabanwa shela chumba cha pili.

Jana nilimuuliza achorwe nini. Akasema, chochote unachotaka wewe. Nimechora mara nne tangu asubuhi, nimefuta mara nne. Ua, nikafuta. Samaki, nikafuta. Hakuna lililokuwa baya. Nikifuta tu, anakaa tena dakika kumi.

Amerudi. Amekaa pembeni yangu na gauni lote, ameweka mkono gotini kwangu. Kichupa nimekifunga, sichori tena. Amekiona.

Mama kagonga: tumemaliza?

Winifrida ndiye aliyejibu.

"Bado, Mama."