Koti Lisilofika Nyumbani

...na lile koti, Haboba, sijakumalizia habari yake. Nilikuwa nazungumza nawe moyoni huku napika, Musa akaingia na utani wake, nikasahau nilipofikia. Leo naandika.

Haboba, bibi yangu, nimeolewa! Tumepanga Mvara, hapa Arua, na hina ya harusi imebaki kwenye kucha tu. Musa anafanya kazi maabara ya chuo kikuu. Wanapima maji ya visima na kukuza vijidudu kwenye visahani. Akicheka, mashavu yanaingia vishimo. Ungempenda, ungemfichia nyama nzuri chini ya wali.

Uliniambia, "Nguo ya bwana yako asifue mtu mwingine." Basi nafua kila kitu, soksi, leso, hata kofia isiyo chafu. Koti jeupe la kazini tu silioni. Kwenye picha limemkaa vizuri mno, lakini nyumbani halifiki. Nikiuliza, ananibana shavu: "Hilo liache, mpenzi." Jirani yetu Mama Zaituni akanipata bombani, mbele ya watu: "Bibi harusi, ile koti nyeupe nani anafua? Ama iko na nyumba ingine?" Wakacheka. Nikacheka nao, kisha nikaenda kulia jikoni.

Kesho yake nikapanda boda mpaka chuoni kudai koti la mume wangu, nimevaa ndala na mtandio unaoburutika. Mlangoni Musa akainua kiganja: simama hapo hapo. Hata hakunigusa! Nikamtazama kupitia kioo. Akavua glavu, akavua miwani, akatundika koti ndani, akanawa kwa sabuni mpaka viwiko, polepole, kama mtu anayejiandaa kuswali. Ndipo akatoka, akanishika mikono yote miwili.

Makoti hayatoki pale, akanieleza. Yanafuliwa hapo hapo, kwa mashine yao. "Kitu kikinirukia huko ndani, kisije kikakufikia wewe. Hii mikono naitaka ibaki hivi."

Na mimi nikakuona wewe. Mashati ya Babu yakirudi kutoka shamba la tumbaku kule Ludara, yananuka dawa ya kupuliza, nawe unayafua kwa mikono mitupu. Ngozi inachubuka, unapaka mafuta ya simsim, unasema ni sabuni mbaya. Miaka yote. Hakuna aliyewaambia... Babu angejua, asingekuletea. Najua asingekuletea.

Nililia pale pale mlangoni. Musa, maskini, akadhani amenikosea.

Sasa namsubiri jioni kwa raha tu. Akifika ananawa tena kabla ya kunigusa, ingawa alishanawa kazini, na mimi ndiye namshikia birika. Nampenda mpaka naona haya! Jana Mama Zaituni akarudia maneno yake bombani. Nikamjibu, "Iko na nyumba ingine, mama, na mimi mwenyewe nimeikataza kurudi." Alicheka mpaka ndoo ikamwagika.

Haya, Haboba, pumzika. Msalimie Babu, usimlaumu. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja Koboko, mimi na Musa wangu, tung'oe majani kaburini kwako. Nitaweka mikono yangu juu ya udongo wako, uione ilivyo laini.

Mjukuu wako,
Amina