Kitufe cha Mama Kilichoachwa Nje

Mshauri mpendwa, nakuomba msaada kabla sijatamka neno ambalo sitaweza kulirudisha. Mume wangu ni fundi wa kompyuta, wenzake wanamwita Wembe kwa sababu kazi yake ni kupunguza, yaani anajenga upya kerneli, ile programu ya ndani kabisa inayoendesha mashine, na fahari yake ni kuwa na faili la mipangilio fupi kuliko la fundi yeyote, kisichotumika anakikata, mashine inawaka upesi, nami nilikuwa namsifia mbele za watu. Mama yangu anaishi kwetu tangu apooze, hawezi kusema, alikuwa na kitufe kikubwa kilichochomekwa kwenye kompyuta kuukuu, anachagua herufi kwa kiganja na mashine inamsomea kwa sauti, na mama yangu, mshauri, ni msemaji, hata Wembe akila bila kunawa aliambiwa. Basi Wembe akajitolea kuiharakisha ile kompyuta, na njia yake ni kuiamuru itazame vilivyochomekwa wakati huo, hivyo vibaki, vingine vyote viachwe nje ya kerneli, na kabla hajaanza akachomoa kitufe cha mama, eti alihitaji tundu la diski yake. Sasa kompyuta inawaka kufumba na kufumbua, lakini kitufe haikitambui, mama anabonyeza, anabonyeza, kimya. Nilipomwambia akasema kitufe kimekufa, nikanunua kingine, yaleyale, akasema atajenga upya akipata nafasi, na nafasi haipatikani, ndipo juzi nikamsikia sebuleni na rafiki zake, "Bi mkubwa nimemwacha nje ya kerneli, bwana, nyumba imetulia," wakaangua kicheko, nami nimesimama mlangoni na sinia la chai. Namchukia, mshauri, na bado namfulia mashati. Mama ananitazama tu. Niondoke, au nivumilie kwa kuwa huenda ulikuwa mzaha?

Mke wa Wembe

Mke wa Wembe, pole, ingawa pole kubwa ni ya mama yako. Mzaha gani huo usioisha? Aliyekosea hurekebisha. Huyu kaona kosa lake linamfaa, akaliacha.

Nimemuuliza fundi wa hapa redioni, dada asiyependa maneno mengi. Anasema mafundi hawafuti kerneli ya zamani, huiacha pembeni, mpya isije ikawakwamisha. Kompyuta ikianza kuwaka, majina ya zote mbili hutokea kwenye skrini, unachagua ile ya zamani, ambayo bado inakitambua kitufe.

"Basi?" nikamuuliza.

"Basi."

Umesikia? Hapakuwa na cha kujenga upya wala cha kungoja nafasi. Kila anapoiwasha ile mashine, mumeo anaiona sauti ya mama yako pale, na anaipita.

Nawe nikugombeze kidogo. Umeniuliza habari za mume, hukuniuliza mama anataka kusema nini. Yeye kanyamazishwa, sisi wenye vinywa tunajadili ndoa! Acha hayo mashati. Kaiwashe mwenyewe, chagua ya zamani, chomeka kitufe, ukae naye. Kuhama au kubaki, mwulize yeye kwanza, maana ndiye aliyetendewa.

Kisha mwite Wembe. Akae chini, simu aizime, asikilize herufi moja moja mpaka mama atakapomaliza, hata ikiwa kutwa nzima.